Rehani Isiyoulizwa

Wewe ulikuwapo. Usinikodolee macho, ulikuwapo, au baba yako alikuwapo, kwangu ni mamoja. Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa sitini na tatu, miaka mitatu baada ya uhuru wa Kongo na mwaka mmoja kabla ya waasi wa Simba kuingia Kisangani. Joto lilikuwa kali na nyumba ya Hemedi ilikuwa imefunguliwa madirisha yote. Nusu ya mtaa ilisikia. Waliokuwa wakitwanga pondu, majani ya muhogo, waliisimamisha michi hewani. Wenye baiskeli walishuka. Kisha sauti ya binti ilipopanda, kila mmoja akakumbuka kwamba ana shughuli. Michi ikarudi kinuni, baiskeli zikapandwa, nawe ukageuza uso ukautazama mto, kana kwamba mto ndio uliokuwa unalia.

Basi leo utasikia ulichokataa kusikia. Kaa.

Nyota binti Asumani alikuwa na miaka ishirini na mitatu na lugha nne. Kiswahili cha nyumbani kwao kilikuwa kile kilichonyooka, ambacho wazee wa Kiislamu wa mji ule hujivunia kama watu wengine wanavyojivunia ng'ombe. Kilingala alikiokota sokoni. Kiarabu alipewa na babu yake, aliyekaa Juba miaka kumi na miwili akiuza pembe na kurudi na Kiarabu cha kubishana bei, siyo cha kusomea tu. Na Kihispania? Hapo ndipo watu walipokuwa wakicheka. Nyota alifanya kazi miaka sita kwenye zahanati ya masista waliotoka Uhispania, akifua bandeji na kuwashikilia watoto wachomwe sindano. Masista wale walisali kwa Kilatini na kuandika kwa Kifaransa, lakini waligombana kwa Kihispania. Nyota aliingia katika lugha ile kwa mlango wa magomvi, akatokea upande wa pili akiijua yote.

Pale zahanati ndipo Faustin alipomwona. Faustin alikuwa karani wa nyumba moja ya biashara ya kahawa, Mkatoliki kutoka Opala, mrefu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na moja tu yenye wino. Alikuja na kidonda mguuni. Kidonda kilipona wiki ya tatu. Faustin aliendelea kuja miezi mitano.

"Leo mguu gani?" Nyota alikuwa akimwuliza.

"Ule ule."

"Ule ule uko upande gani, Faustin? Maana juzi ulikuwa wa kushoto."

Naye alikuwa akimtazama tu, kwa yale macho yake yaliyokuwa yakisema maneno mengi kuliko mdomo wake ulivyowahi kusema. Nyota aliyapenda macho yale. Ulikuwa udhaifu wake mkubwa, kumsamehe mwanamume kinywa kwa sababu ya macho.

Sasa sikia jinsi alivyoingizwa katika biashara ya watu.

Msimu ule kahawa yote nzuri ya Opala ilinunuliwa na Haji Bashiri, mfanyabiashara wa Omdurman, Sudani, akaiweka katika ghala la Hemedi. Hemedi alikuwa kaka wa marehemu Asumani, na ndiye aliyemlea Nyota. Nyota alimwita tonton, yaani ami. Halafu akashuka kwenye kiwanja cha ndege cha Simi-Simi Mhispania mmoja, Bwana Anselmo, akitoka Fernando Po, kisiwa cha Wahispania, akitaka kahawa ileile. Haji hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Anselmo alijua Kifaransa cha hoteli. Basi wakapangwa watu mnyororo. Haji anasema Kiarabu, mwalimu Waziri wa chuo cha Kurani anakileta katika Kiswahili, Faustin anakitia katika Kifaransa, na Mhispania anashika anachoweza kushika.

Wakaenda vizuri mpaka Haji aliposema hatatoa gunia hata moja kabla ya kupewa kitu cha kushikilia, hadi malipo ya mwisho yafike.

"Anataka rehani," akasema mwalimu Waziri.

Faustin akamgeukia Mhispania. Kwao Opala kitu kinachoshikwa kwa ajili ya malipo huitwa kwa Kifaransa, gage, basi. Rehani aliyoijua yeye ilikuwa moja tu, yale majani yanayonukia ambayo Nyota huyasuka kwenye nywele siku ya Idi. Moyo wake ulikwenda kwenye nywele zile, na ulimi ukafuata moyo.

"Monsieur," akamwambia Mhispania, "iko anataka basilic."

"Basilic? Kiasi gani?"

Faustin akauliza. Mwalimu Waziri akajibu kwa utulivu: "Ya thamani ya magunia yote."

Anselmo akaona mlima wa majani mbele ya macho yake. Akavaa kofia, akasema hakuvuka bahari aje kufanyiwa mzaha na makarani, akatoka.

Mtaa mzima ulicheka siku mbili. Lakini wenye biashara hawakucheka. Wakaanza kutafuta mtu mmoja, mdomo mmoja, wa kutoa Kiarabu na kuingiza Kihispania bila vituo njiani, tena anayejua maneno ya mali: dhamana, ahadi, muda, hasara. Mlebanoni wa duka la vitambaa alikuwa na Kiarabu bila Kihispania. Padri mmoja mzee alikuwa na Kihispania bila Kiarabu. Mgiriki fulani alisema anazo zote mbili. Alipojaribiwa, hakuwa na hata moja. Wiki ikapita. Ndipo Faustin aliposimama mbele ya patron wake, tajiri wa ile nyumba ya kahawa.

"Miye niko na mutu," akasema.

Patron alifurahi, akamtuma kwa Hemedi. Na Hemedi alipotajiwa jina, alifurahi kwa jicho moja na kuogopa kwa lingine. Akaweka masharti. Binti atakaa nyuma ya pazia. Haji ataambiwa anayesema ni bibi kizee wa jamaa, mjane, ana miaka sabini. Na sauti aizeeshe kidogo.

Jumatano jioni Nyota alimngoja Faustin kwenye ua wa zahanati, mikono imelowa sabuni.

"Wameniambia nikohoe," akasema. "Niwe bibi."

"Bon, kohoa kidogo tu. Iko neno gani?"

"Neno? Faustin, miye nina Kiarabu cha babu yangu na Kihispania cha jasho langu. Mwaka mzima wananiita mfua bandeji. Leo wamekwama, wananitaka, lakini wananitaka bila uso. Weye hujaona neno?"

"Miye niko karani, Nyota. Coutume, desturi ya kwenu, miye najua nini?"

"Kwetu!" Akakausha mikono kwenye kitenge taratibu, akimwangalia. "Uliponitaja kwa patron wako, ulimwambiaje?"

"Nilisema iko binti moja anajua."

"Ukasema ni nani kwako?"

Faustin akatazama viatu vyake. Akanyoosha mkono akamgusa kidole kimoja, kidole cha mwisho, kile chenye kovu la maji ya moto. Akakishika kidogo kana kwamba ni kifaranga. "Patience, subira," akanong'ona. "Neno langu litakuja."

Naye Nyota, mpumbavu wa mapenzi kama sisi sote, akalala na kidole kile chini ya shavu.

Alhamisi saa nne za asubuhi walikaa. Haji Bashiri kwenye mkeka, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Anselmo kwenye kiti cha miti, jasho likimtiririka shingoni. Hemedi katikati, mwenye nyumba, akiagiza chai. Faustin pembeni na daftari, aandike kwa Kifaransa yatakayokubaliwa. Na katika mlango wa chumba cha ndani, pazia la bluu, na nyuma yake Nyota juu ya kigoda.

Hakukohoa. Lakini aliishusha sauti, akaanza.

Nakwambia, ilikuwa kazi ya kuona fahari. Haji alipofunga sentensi, Kihispania chake kilikuwa kimekwisha kufika. Anselmo alipozungusha maneno kama wafanyavyo wanunuzi, Kiarabu kilitoka kimenyooka. Rehani ya Haji aliitafsiri prenda, Mhispania akaelewa papo hapo, akagonga goti. Mambo yaliyoshindikana wiki nzima yalipita kabla chai haijapoa. Nyuma ya pazia Nyota alikuwa amefumba macho, akitabasamu peke yake. Hakuwahi kuwa mtu kamili kiasi kile.

Kisha Anselmo akauliza swali la haki, swali la mtu mwenye fedha: "Mwambie Haji hivi. Kahawa itakaa miezi mitatu katika ghala la huyu bwana. Yeye si ndugu yako wala si mtu wa nchi yako. Unamwaminije?"

Nyota akalitia katika Kiarabu.

Haji Bashiri akacheka kwa wema. Nasema kwa wema, kwa sababu hakujua. "Mwambie asihofu," akasema. "Hemedi ni mkwe wangu. Ijumaa ya wiki ijayo ananioza binti wa marehemu nduguye, yule anayefanya kazi kwa masista. Binti huyo ndiye rehani yangu. Mtu haibi kahawa ya mume wa mwanawe."



Anselmo akangoja. Inzi akatembea kwenye ukingo wa kikombe. Nyuma ya pazia Nyota alikuwa ameyafungua macho, na mbele yake kulikuwa na kitambaa cha bluu tu.

"Mutoto!" Hemedi akaita, akajirekebisha haraka. "Yaani, bibi! Sema basi, muzungu anangojea!"

Hemedi alizijua sura nyingi za Kurani kwa moyo, lakini Kiarabu cha mazungumzo kilimpita kama mvua inavyopita juu ya bati; maneno yake na Haji yalipitia kwa mwalimu Waziri, ambaye siku ile hakuwapo. Hakujua kilichosemwa. Katika chumba kile kizima, aliyeambiwa kwamba Nyota ameozwa ni Nyota peke yake, na aliambiwa ili awaambie wengine.

Akasema. Unasikia? Alitafsiri. Maneno ya watu ni amana, na babu yake alimfundisha kwamba mkalimani mwizi ni mbaya kuliko mwizi wa pembe. Kwa Kihispania kisichotetemeka alimwambia Anselmo: binti ndiye prenda. Na neno lile, masista walikuwa wamemwambia zamani wakicheka, Wahispania humwitia pia mpenzi wao. Rehani na mpenzi, neno moja. Alilitamka likamwacha na ulimi mchungu.

Kisha akaendelea, kwa Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe ya miaka ishirini na mitatu, na hapo ndipo wewe uliposimamisha baiskeli.

"Tonton Hemedi. Haji anasema Ijumaa ijayo unamwoza Nyota. Anasema Nyota ndiye rehani ya ghala lako. Nimetafsiri vizuri, au kuna neno limenipita?"

Chai ikamwagika. Kalamu ya Faustin ikasimama.

"Nyamaza!" Hemedi akasema.

"Ulinileta niseme."

"Nyota!"

"Ah, sasa nina jina. Asubuhi nilikuwa bibi wa miaka sabini." Akalivuta pazia. Halikuvutika vizuri, pete moja ikakwama kwenye waya, akalivuta tena kwa nguvu likakatika na kuanguka, naye akatoka akiwa amelikanyaga. Kanga yake ya kijani, mikono yake yenye mikwaruzo ya sabuni, macho yamejaa lakini hayamwagiki. Haji Bashiri akainamisha uso kwa adabu. Anselmo akasimama bila kujua kwa nini.

"Toka lini, tonton?"

"Mambo haya hatuyasemi mbele ya wageni."

"Wageni ndio walioniambia! Mtu wa Omdurman anajua siku ya ndoa yangu. Muzungu wa Fernando Po anaijua. Miye ndiye mgeni."

Hemedi aliinua mikono, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. Simtetei. Nasema ilivyokuwa. "Nimekulea tangu baba yako tulipomfukia. Nilikunyima nini? Haji ni mutu mwema, mwenye dini, mwenye nyumba. Nilimwambia mama yako, akanyamaza. Na weye nilipita mbele yako Jumatatu nikasema, 'Mwanangu, kheri inakuja,' ukanyamaza. Binti akinyamaza amekubali. Ndiyo desturi yetu, sikuitunga miye."

"Kheri inakuja! Nilidhani ni mvua!"

Dirishani mtu mmoja alicheka, akanyamaza upesi.

Nyota akamgeukia Haji, akaketi kwa heshima mwisho wa mkeka, akamweleza kwa Kiarabu kila kitu: kwamba bibi wa miaka sabini hayupo, kwamba yeye ndiye yule binti wa masista, na kwamba khabari ya ndoa yake ameipata sasa hivi, kinywani mwake yeye Haji. Tasbihi ikaacha kuzunguka. Mzee yule alibadilika rangi. Akamwuliza maswali mawili, akajibiwa mara mbili. Kisha akasema maneno taratibu, akamwashiria ayafikishe.

"Anasema," Nyota akatafsiri, macho kwa ami yake, "bikira huulizwa kwanza. Akiisha kuulizwa, akanyamaza kwa haya, hapo kunyamaza kwake ni idhini. Asiyeulizwa hakunyamaza, watu hawakumsemesha tu. Anasema mwambie Mhispania kahawa ni yake, wataandikiana karatasi kama wafanyabiashara. Na anasema, tonton…" Akaimaliza amana yake. "Anasema leo hatakula chakula chako."

Hiyo ilimchoma Hemedi kuliko yote. Mgeni kukataa chakula, madirisha yakiwa wazi!

"Umenivua nguo," akasema. "Toka. Toka nyumbani mwangu."

Nyota hakutoka. Alisimama katikati ya chumba, akageuza kichwa kidogo tu, kumtazama karani pembeni. Miezi mitano ya mguu wa kushoto na wa kulia ilikuwa katika mtazamo ule. Kidole chenye kovu kilikuwa ndani yake. *Neno langu litakuja.* Basi lije. Kama lina miguu, mlango uko wazi.

Faustin alikuwa anatazama daftari.

Unaona? Haya, mtukane. Mtukane kwa sauti, nakuruhusu, halafu ujitazame ulipokuwa umesimama wewe. Yeye alikuwa na patron, alikuwa na kazi, alikuwa na mama Opala anayekula mshahara ule. Wewe ulikuwa na nini? Baiskeli.

Nyota alikwisha kugeuka, alikwisha kufika mlangoni, kitambaa cha bluu kikimfuata kikiwa kimenasa kisiginoni, ndipo kiti kilipopiga sakafu nyuma yake.

"Papa Hemedi." Faustin alikuwa amesimama, wino umemmwagikia shati lote. "Papa Hemedi, miye nilinyamaza. Hii affaire yote, miye nilimuleta hapa, nikanyamaza. Miye namupenda Nyota. Donc… naomba. Naomba unipatie Nyota, papa. Nitaleta wazee."

"Weye?" Hemedi akapasuka. "Mukristo? Mutu wa Opala, ambaye Kiswahili chenyewe anakivunja kama kuni? Weye uliyetafsiri mali ya watu ukaifanya mboga?"

"Ndiyo, papa. Miye yule."

Na mtaa ukacheka tena. Na Anselmo, ambaye hakuelewa hata neno, akacheka pamoja nao. Lakini Nyota hakucheka. Alikuwa amesimama kizingitini na uso wake ulikuwa umebadilika, na wanawake waliouona dirishani waliacha kucheka kabla ya wanaume.

"Hata weye, Faustin," akasema.

"Nyota, nimesema! Nimesema mbele ya watu wote!"

"Umemwomba nani?"

Faustin akamwashiria Hemedi kwa mkono.

"Nakuuliza. Umemwomba nani? Haji aliniomba kwa tonton. Tonton alimwuliza mama. Weye umekuja na wino kifuani, moyo wangu ukaruka, nikasema huyu amekuja, na weye pia umenipita ukaenda kwake. 'Naomba unipatie.' Miye ni gunia la ghala gani? Niko hapa. Hatua tatu."

Faustin alimtazama mzee, akamtazama yeye. Akavuka zile hatua tatu, na usidhani ni kidogo, nimeona wanaume waliovuka mto Lualaba kwa pirogi usiku wa vita na wasiweze kuvuka hatua kama zile. Akasimama mbele yake. Wino ulikuwa ukidondoka. Macho yake yaleyale, lakini safari hii hakuyaacha yaseme peke yake.

"Nyota," akasema. Sauti ilimtoka mbovu, ya kukwaruza. "Weye. Miye nakuuliza weye. Unanitaka?"

Haji Bashiri aliangalia mkeka. Nyota akainama, akalinasua lile pazia kisiginoni bila haraka, akalitupa pembeni. Akamtazama Faustin muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Sasa nimeulizwa," akasema. "Ngoja ninywe maji, nifikiri, nikujibu."

Akatoka uani kwenye mtungi, na wote wakamngoja, tonton na Haji na muzungu na karani, jua likipanda.

Na wewe unangoja nini? Unataka kujua alijibuje? Jibu lile lilikuwa la Faustin. Lako liko nyumbani kwako, linaosha vyombo sasa hivi, na linasikia wajomba wanaongea barazani. Mahari imetajwa, siku imetajwa, umekaa nao, umekunywa chai yao, na ulipoulizwa ulisema "hayo ni ya wazee". Dada yako hajaulizwa. Binti yako hajaulizwa. Usiniambie amenyamaza. Weka kitabu hiki chini, inuka, nenda jikoni ukamwulize yeye, kwa jina lake, na usiondoke mlangoni mpaka ajibu. Nenda. Bado umekaa?